Tulivyofua Nyumbani kwa Baba

Pazia la mahameli lililoning'inia miaka mingi ndani ya ukumbi usio na madirisha hunuka watu usiowajua. Ukilipiga fimbo mara ya kwanza hutoka vumbi jepesi lenye harufu ya poda ya uso. Ukiendelea linatoka zito zaidi, la moshi wa sigara na mkojo wa panya, na vumbi lote likishaisha unabaki na harufu ya kitambaa chenyewe, kavu na chungu, inayokaa kooni mpaka kesho yake. Nayajua haya kwa sababu nililelewa ndani yake. Wenzangu niliokua nao kambi ya polisi ya Naguru wakianza kukumbushana utoto hutaja baragumu la asubuhi na mahindi ya kuchoma getini. Mimi hukumbuka kikohozi. Mama yangu, Halima, alikuwa akisafisha mapazia ya ukumbi mmoja wa michezo ya kuigiza upande wa Mengo, yeye na mdogo wake Zamzamu, na kila shule ilipofungwa nilikwenda nao. Watu wa mjini walivaa vizuri wakaja kukaa mbele na kupiga makofi pazia lilipofunguka. Sijawahi kusikia hata mmoja akiuliza lilikuwa safi kwa nini.

Kazi yenyewe ilikuwa na adabu zake. Pazia la mbele, lile jekundu, halikuguswa na maji hata tone, maana rangi ingetoka na mahameli yangesinyaa yakabaki hayafiki chini. Lilishushwa, likalazwa juu ya kamba nene uani, likapigwa, kisha likapigwa brashi kutoka juu kwenda chini, upande mmoja tu. Vile vitambaa vya nyuma ya jukwaa vilivyochorwa misitu na nyumba na barabara vilikuwa na masharti mengine. Vilikuwa vya marekani, kitambaa kile cha pamba kisichotiwa rangi, vipande virefu vilivyoshonwa pamoja mpaka kimoja kikawa kipana kuliko nyumba, na rangi yake ilikuwa ya unga uliokorogwa na gundi ya kuchemsha. Rangi hiyo ukiigusa kwa ufagio inapukutika. Kwa hiyo vitambaa vilivyochorwa vilifagiliwa kwa upande wa nyuma peke yake, taratibu, vikiwa vimetundikwa palepale. Mama alisimama huko nyuma gizani na ufagio laini, akigongagonga. Alifanya hivyo miaka yote ya ndoa yake.

Baba alikuwa konstebo wa polisi, Mwacholi kutoka kaskazini, jina lake Otim. Yeye Mkatoliki, Mama Mnubi na Mwislamu, na ndoa yao ilizipa koo mbili kitu cha kuzungumza kwa muda mrefu. Watu wa Mama walisema Halima amekwenda kuolewa na mtu asiyejua kutawadha. Watu wa Baba hawakusema mengi kwa sababu hawakuweza kufika. Vita vilikuwa vimefunga barabara za kwao. Baba alikuwa na mkono wa kuchora. Alianza kwa kuandika namba kwenye milango ya kambi, akapanda kidogo akachora bango la kuwaonya madereva, na bango hilo ndilo alilolipenda Bwana Kizito, meneja wa ule ukumbi. Akamwomba Baba awe anakuja siku zake za mapumziko kuchora vitambaa vya nyuma. Baba alikubali upesi sana. Nadhani kule jukwaani hakuna aliyempigia saluti wala aliyemtaka apige, akapumzika.

Basi ukaja mchezo mmoja uliohitaji kijiji. Bwana Kizito alisema kijiji chochote tu, mradi kuwe na nyumba za nyasi na anga pana. Baba akachora kwao. Hakumwambia mtu mwanzoni. Kitambaa kilitandazwa sakafuni ukumbini, naye akatembea juu yake pekupeku na brashi iliyofungwa kwenye ufito, na mimi nilikaa pembeni nikichunga sufuria ya gundi isigande. Aliniita nije nisimame juu ya kila kitu alichokimaliza. Hii ni nyumba ya mama yangu, akasema. Hili ghala la mtama. Huu mwamba ndipo tulipoanika ufuta, na ukikaa hapa saa za jioni jiwe lote lina moto bado. Hii njia inakwenda kisimani. Hapa, nyumba hii ndogo, ndipo nilipolala mimi tangu nilipokuwa kijana. Nikamuuliza tutakwenda lini. Akasema nyumba zile zimeshachomwa, na watu wote wamepelekwa kambi ya wakimbizi wa vita kuishi wamebanana kama kuni, hakuna wa kwenda kumwona. Kisha akachovya brashi, akaendelea na anga. Alichora anga ile kwa siku kadhaa, akilalamika kila mara kwamba haijawa pana.

Kile kitambaa kilipendwa. Kilitumika katika michezo mingi, hata ile ambayo haikuwa na habari ya kijiji, kwa kuwa watu walipiga makofi kukiona tu. Nilikiona kwa mbele nikiwa na Baba kwenye viti vya bure vya pembeni, nikakiona na kwa nyuma nikiwa na Mama, maana taa za jukwaani zikiwaka rangi zilipenya marekani na picha ikatokea upande wa pili, imegeuka kushoto kuwa kulia, hafifu kidogo. Zamzamu, ambaye hakuwa na mtu asiyemtania, alimwambia Baba kwamba yeye ni shemeji wa ajabu, kamjengea dada yake nyumba isiyovuja lakini haina pa kuingilia. Baba alicheka akamwambia vita vikiisha ataingia, tena atachoka na ufuta. Nilimwamini. Kwangu ile haikuwa picha, ilikuwa nyumba yetu iliyopo mahali fulani ikisubiri barabara ifunguliwe, na shuleni nilipoulizwa kwetu ni wapi nilijibu kwa fahari nikitaja mwamba na njia ya kisimani.

Baba alifariki kabla barabara haijafunguliwa. Aliugua kifua, akalazwa, akarudishwa, akalazwa tena, na safari hiyo hakurudi. Hakuna aliyeweza kumpeleka kaskazini. Akazikwa hapahapa Kampala, kwenye makaburi ya jiji, wenzake wakapiga bunduki hewani, na padri na shehe wakasimama mbalimbali kila mmoja akisubiri mwenzake aondoke kwanza. Mama alikaa eda kamili, nguo nyeupe, hatoki nje, kwa mume ambaye majirani walisema hakustahili eda maana hakuwa Mwislamu. Alikaa kwa ubishi, nafikiri, kuliko kwa dini. Na kabla eda haijaisha alikuja afisa wa kambi, mtu wa heshima kabisa, akavua kofia mlangoni, akaeleza kwamba nyumba ni ya askari na askari hayupo. Mjane akimaliza msiba ahame. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wajane wote, na Mama alikuwa amewasaidia wengi wao kufunga mizigo.

Pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu. Nyuma ya ukumbi, karibu na stoo ya mapazia, palikuwa na chumba kilichowahi kukaliwa na mlinzi, na Bwana Kizito alimtumia Mama salamu za rambirambi pamoja na habari kwamba chumba kile ni chake na mtoto wake ikiwa ataendelea na kazi. Mama alishukuru mpaka akalia. Eda ilipoisha akavaa nguo zake za kazi akaenda, nami nikamfuata. Bwana Kizito akatupokea vizuri, akatuletea chai, akatuonyesha chumba. Kisha akatupeleka jukwaani akaonyesha juu, kwenye kile kitambaa cha Baba, akasema ndicho cha kwanza cha kufua. Ulikuwa unakuja mchezo wa mambo ya ikulu, wenye nguzo na viti vya dhahabu, na marekani mpya ya upana ule haikupatikana.

Kwa asiyejua kazi hii, niseme kwamba hakuwa akifanya jambo geni. Kitambaa cha jukwaa ni kama ubao wa shule. Mchezo ukichosha watu, picha inafuliwa kwa maji ya moto, gundi inayeyuka, rangi inaondoka, kitambaa kinatiwa wanga wa muhogo, kinakauka, na mchoraji mwingine anaanza upya. Mama alikuwa ameshafua misitu na bandari kadhaa bila kuwaza. Baba mwenyewe alichora kijiji chake juu ya kitambaa kilichowahi kuwa mtaa wa maduka. Bwana Kizito alikuwa mtu wa kawaida aliyekuwa na mchezo wa kuandaa, na mpaka leo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba sina hata mtu mbaya wa kumchukia.

Mama aliomba. Aliomba kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia akiomba, sauti chini, mikono nyuma. Alisema afue kile cha msitu badala yake. Akaambiwa cha msitu kimepasuka katikati. Akasema basi ikulu ichorwe upande wa nyuma, picha ya marehemu ibaki upande wa pili, hakuna atakayejua. Bwana Kizito akatikisa kichwa, akamkumbusha jambo ambalo Mama alilijua kuliko yeye, kwamba taa zikiwaka rangi zingepenya na nyumba za nyasi zingeonekana ndani ya ikulu. Mama akasema amkatie japo pembe moja, mtoto awe nayo. Hapo meneja alichoka.

"Nyabo, mimi nalimpenda sana Otim," alisema. "Lakini hii nguo ni ya ukumbi. Picha inaisha, nguo inabaki. Hata yeye alijua hivyo."

Mama akasema ndiyo. Akauliza tu lini.

Usiku huo, tukiwa bado Naguru na vitu vimefungwa nusu, nilimlilia mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia tukatae. Zamzamu naye kwa mara ya kwanza hakutania. Alisema labda tungeweza kubanana kwake Kabalagala, ingawa kwake kulikuwa chumba kimoja juu ya baa na watoto wake walikuwa wakilala chini ya meza. Mama alikuwa akikunja mashuka. Hakukasirika. Aliniuliza ninataka kulala wapi, ndani ya nyumba iliyochorwa au ndani ya nyumba yenye mlango. Nikasema iliyochorwa. Akasema, "Basi wewe bado ni mtoto," akaendelea kukunja.

Tulifua Jumamosi, uani kwa ukumbi. Vijana wa jukwaani walikishusha kitambaa wakakibeba nje kimekunjwa, wakakiweka sakafuni penye saruji, na mapipa ya maji yalikuwa yanachemka tangu asubuhi. Nilikuwa nimekuja mapema ili nikitazame kikitandazwa. Nilikuwa nimepanga kukitazama kila sehemu, polepole, nyumba ya bibi, ghala, mwamba, njia, ile nyumba ndogo, niviweke kichwani vikae. Mama akawaambia vijana wakitandaze kifudifudi. Zamzamu alishangaa, akamwambia tukifua kwa nyuma tutatumia maji mara mbili na kazi itachukua siku nzima. Mama akajibu kwamba leo anafua kwa nyuma. Hakueleza. Vijana wakakigeuza, na tulichokiona ni marekani ya rangi ya uji yenye mabaka, na mishono yake mirefu.

Tukamwaga maji, tukakanyaga. Ndivyo inavyofanywa, kwa miguu, wanawake wameshikana mabega wanakwenda na kurudi, maana mikono haitoshi. Mwanzo hakuna kinachotokea. Halafu harufu ya gundi ikapanda, ile ile ya sufuria niliyokuwa nikiichunga, na maji yakaanza kutoka pembeni. Yalitoka ya udongo kwanza, mekundu kidogo, hizo nyumba. Kisha ya kijani. Kisha bluu ilianza kuja na haikuisha, ndoo kwa ndoo, bluu ikapita kwenye mfereji ikatoka chini ya geti, na watoto wa barabarani wakaichezea. Niliinama nikashika upindo wa kitambaa nikataka kuufunua nione kilichobaki. Mama akanishika kiganja. Hakunibana, alinishika tu, na uso wake ulikuwa umeelekezwa ukutani.

"Usifunue," alisema. "Kanyaga."

Nikakanyaga. Nilimchukia siku ile, na niliendelea kumchukia kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kusema. Nilifikiri amefanya moyo kuwa mgumu. Nilifikiri anaona haya mbele ya vijana wa jukwaani, au amefurahia chumba, au hakumpenda Baba sana kama alivyoonyesha alipokaa ndani na nguo nyeupe. Jioni kitambaa kilitundikwa kwenye kamba, cheupe, kimebaki na kivuli cha bluu juu ambacho maji hayakukiweza. Mchoraji mpya alipokuja alikisifu. Alisema ni nadra kukuta kitambaa kilichofuliwa vizuri namna hii.

Tulikaa chumba kile mpaka nilipomaliza sekondari. Kilikuwa na mlango, kweli, na bati zima. Nguzo za ikulu zilichorwa, zikakaa miaka, nikazipita kila siku nikienda kuteka maji. Mama alizifagia kwa nyuma kama alivyofagia vyote. Hatukuwahi kuzungumza habari za kitambaa. Tulizungumza ada, na kifua changu, na wanaume wa Zamzamu, na ukimya ule ulikaa chumbani nasi kama mpangaji asiyelipa wala haondoki.

Ukumbi bado upo. Mwaka juzi nilipita nikakuta pazia la mbele si mahameli tena, ni kitambaa chepesi kinachofuliwa na mashine na kurudi siku hiyohiyo, na picha za nyuma zinachapishwa kwenye plastiki, zinakunjwa, zinapelekwa ghalani. Kijana wa taa alinionyesha kwenye simu yake picha za kila mandhari waliyowahi kutumia tangu aajiriwe, mamia, hata zile mbovu. Aliniambia hawatupi kitu. Alisema kwa kujisifu, na alikuwa na haki ya kujisifu. Siku zetu hatukuwa na kamera, na aliyekuwa nayo hakuwa na sababu ya kupiga picha kitambaa. Nilitoka nje haraka maana nilihisi nitamwambia neno baya kijana ambaye hajanikosea.

Wakati huo tulikuwa tumeshampeleka Baba kaskazini na kurudi. Vita vilikuwa vimekwisha zamani, watu wamerudi kwenye ardhi zao, na mtoto wa ndugu yake Baba, Ojara, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi na kukulia humo, alitutafuta mpaka akatupata. Alisema mtu wa ukoo hawezi kulala mjini miaka yote hiyo kama mgeni. Akapanga kila kitu, vibali, gari, padri. Mifupa ikafukuliwa, ikasafirishwa usiku kucha, Mama na Zamzamu na mimi tukiwa nyuma na vitambaa kichwani. Asubuhi tukafika mahali penye nyasi zilizotupita urefu. Anga ilikuwa pana. Hilo alikuwa amelipata sawasawa.

Kwao mtu huzikwa kwenye uwanja wake, karibu na nyumba yake, si popote shambani. Ardhi ya ukoo walikuwa wanaijua yote, lakini nyumba zenyewe ziliungua hata majivu hayapo, na wazee waliojua nani alijenga wapi walifia kambini. Mwamba ulikuwapo, mkubwa, mweusi. Ojara alikuja mbele ya Mama akachuchumaa kwa heshima, akasema kwa Kiswahili chake cha askari kwamba wamesikia siku nyingi kuwa marehemu aliichora boma yote, tena kwa ukubwa wake, na kwamba kitambaa kilikuwa mikononi mwa mke wake. Wao hawana mwingine wa kumuuliza.

"Mama, utuonyeshe tu," alisema. "Nyumba yake ilikuwa upande gani wa hii jiwe?"

Mama aliutazama mwamba. Alikuwa mzee tayari, kifua kimekwisha kwa vumbi la watu wengine. Watu wote walikuwa wakimsubiri.

"Mimi nalikuwa nafanya kazi kwa nyuma," alisema. "Na ile siku ya kufua nalikataa kuangalia. Kama naliangalia, singeweza kufua."

Ojara hakuelewa. Akanigeukia mimi. Nilifumba macho nikatafuta, na mwamba nikauona, na nyumba ndogo nikaiona, kushoto, kama nilivyoketi na Baba. Halafu nikaiona tena kulia, hafifu, taa zikiwaka, kama nilivyosimama na Mama. Na kila nilipojaribu kuchagua moja, nyingine ilikuja juu yake, wala sikujua Baba aliuchora mwamba ule akiutazama kutoka upande gani. Nilikwenda kushoto kwa mwamba nikasimama. Nikarudi nikaenda kulia. Wanaume wenye majembe walinifuata huku na huku. Mama alikuja akanishika kiganja, na safari hii nilimwacha anishike. Padri akatazama saa yake. Shimo likachimbwa hapo tulipokuwa tumesimama, kwa sababu jua lilikuwa limeshapanda na watu walikuwa wametoka mbali.